Kata kwa Penseli Kwanza: Mwongozo wa Kenchi kwa Asiyejihadhari

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu mmoja ambaye Kariakoo, Dar es Salaam, anapatikana kwa wingi. Amesimama katikati ya duka lake, mikono kiunoni, anakitazama chuma cha mshazari kilichokaa pale pale anapotaka kupitisha ngazi. Anauliza, "Fundi, hiki kina kazi gani?" Fundi anakigonga kwa nyundo, anasikiliza mlio, anatikisa kichwa kama daktari. "Hicho ni cha kushikilia tu, bosi. Tunakitoa."

Kama bosi huyo ni wewe, soma upesi. Grinda imeshachomekwa kwenye soketi.

Hatutakuuliza unataka ngazi ya nini. Kariakoo kila hatua ya sakafu inalipiwa kodi, na mwenye fremu akishagundua kwamba juu ya kichwa chake kuna hewa ya bure, usingizi unamwishia. Anaunganisha fremu tatu kuwa moja (kuta za kati zilikwenda wapi, huo ni mwongozo mwingine, na wa kutisha zaidi), anaweka kenchi za chuma kutoka ukuta hadi ukuta, anatandika mbao juu yake, anapandisha mabelo ya mitumba, na ile hewa imekuwa stoo. Miezi michache mambo yanakwenda. Kisha vijana wa kupandisha mzigo wanachoka na ngazi ya kuegemeza, mmoja anateleza na belo mgongoni, na bosi anaamua kuweka ngazi ya kudumu. Ngazi hiyo, ikipita anapotaka yeye, inakutana na mshazari.

Vifaa

Penseli. Tepu ya kupimia. Simu yenye kikokotoo. Karatasi pia, ingawa nyuma ya risiti ya EFD inatosha, ikiwa ulipewa risiti. Grinda, msumeno na tindo viache chini, na ikiwezekana mtu avikalie.

Tunasisitiza hili kwa sababu mbinu tunayokwenda kuitumia wahandisi wanaiita mbinu ya kukata, na wapo mafundi ambao wakisikia jina hilo tu huanza kuvaa miwani. Hakikatwi kitu. Kinachokatwa ni mchoro. Mjerumani August Ritter aliichapisha mbinu hii mwanzoni mwa miaka ya 1860, wakati Ulaya ilikuwa inajenga madaraja ya reli na mapaa ya chuma kwa kasi, na wenye fedha zao walitaka kujua chuma kipi kiwe kinene na kipi chembamba kabla treni ya kwanza haijapita. Wajerumani wenzake walipoifanya Dar es Salaam makao makuu ya koloni lao mwaka 1891, mbinu ilikuwa na umri wa kama miaka thelathini. Leo inafundishwa Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT), chuo kilichoanza mwaka 1957, pale Barabara ya Morogoro inapokutana na Bibi Titi Mohamed. Kutoka Mtaa wa Msimbazi ni mwendo wa miguu, na mwenye haraka anaweza kupanda mwendokasi pale Faya akashuka kituo kinachofuata. Kwa hiyo bosi hawezi kusema elimu iko mbali. Iko kituo kimoja.

Mahali pa kuitumia, na mahali pa kuacha

Ukiinua macho Kariakoo utaona kenchi nyingi kuliko ulivyodhani. Zile nyumba za Kiswahili zilizobaki, zilizobanwa na maghorofa kulia na kushoto, zina kenchi za mbao chini ya bati. Minara ya simu juu ya paa za maghorofa ni kenchi iliyosimamishwa wima. Mabango makubwa ya matangazo yameegemea kenchi. Kukiwa na mkutano au muziki Mnazi Mmoja, jukwaa lile la mabomba yanayong'aa, yenye vijichuma vya kuzigizagi ndani, nalo ni kenchi. Alama ya kuitambua kenchi ni moja: pembetatu. Palipo na vyuma vyembamba vilivyopangwa pembetatu kwa pembetatu, na mzigo umewekwa kwenye mafundo yanapokutana, hapo kila chuma kinafanya moja kati ya mambo mawili. Kinavutwa au kinasukumwa. Hakuna kazi ya tatu, na hakuna kazi inayoitwa kushikilia tu.

Ila usiende na penseli yako Soko Kuu. Jengo lile la msanifu Beda Amuli, lililofunguliwa mwaka 1975, paa lake ni miavuli ya zege iliyopinduliwa, kila mmoja juu ya nguzo yake, ikipokea mvua na kuiteremsha chini. Zege la namna ile hubeba kwa umbo lake zima. Ukitafuta chuma cha kukata utazunguka mpaka soko lifungwe.

Hesabu yenyewe

Tuchukue stoo ya mfano. Kenchi ina urefu wa mita 12, ukuta hadi ukuta, na kina cha mita 1.5. Imegawanywa paneli 6 za mita 2 kila moja. Ina chuma kirefu cha juu, chuma kirefu cha chini, vya wima kila baada ya mita 2, na kila paneli ina mshazari mmoja unaoteremka kuelekea katikati ya kenchi. Upande mmoja kenchi imefungwa ukutani, upande wa pili imekalishwa tu ili iweze kutanuka kwa joto. Kenchi kama hii nyingine ipo mita 2.5 mbele yake, na nyingine tena, mpaka mwisho wa duka.

Mbao za sakafu zinatua kwenye mafundo ya juu. Tuseme kila fundo la ndani linabeba kilonyutoni 10, ambazo ni karibu tani moja, ambayo kwa lugha ya mtaa ni mabelo 22 ya kilo 45. Mafundo ya ndani ni 5, kwa hiyo kenchi nzima inabeba kilonyutoni 50. Mafundo mawili ya mwisho yamekaa juu ya ukuta na mzigo wake unateremka humo humo, tuyaache.

Kazi ya kwanza, ambayo kila mwenye haraka huiruka, ni kujua kuta zinabeba kiasi gani. Hapa ni rahisi kwa kuwa mzigo umelingana: kilonyutoni 25 kushoto, 25 kulia. Mzigo usipolingana, unashika ukuta mmoja kama mhimili na kupima mizigo yote inavyotaka kuuzunguka. Ukiukosea ukuta, kila kitakachofuata kitakuwa uongo uliopigiwa mahesabu.

Sasa kata. Mshazari ambao bosi anataka uondoke uko paneli ya pili kutoka kushoto. Pitisha mstari wa penseli katikati ya paneli hiyo, kutoka juu hadi chini. Mstari umekata vyuma vitatu: cha juu, cha chini na mshazari wenyewe. Upande wa kulia wa kenchi ufute kabisa, au ufunike kwa kiganja. Kimebaki kipande cha kushoto kikielea, na kitaanguka usipokiambia mwenzake alikuwa anamshikia kiasi gani. Ni sawa na watu wawili waliobeba kabati ngazini: mmoja akitaka kuachia, lazima aliyebaki ajue anaachiwa uzito gani. Basi pale penseli ilipokata, chora mishale mitatu, mmoja kwa kila chuma. Mishale hiyo ndiyo nguvu tunazozitafuta, na zilikuwemo ndani ya chuma muda wote, zimejificha.

Kwa nini vitatu? Kwa sababu kipande kilichotulia kwenye karatasi kinatupa sheria tatu na si zaidi: kisipande wala kisishuke, kisiende kushoto wala kulia, kisizunguke. Sheria tatu zinafichua wasiojulikana watatu. Mstari wako ukikata vyuma vinne, umejipa fumbo ambalo hata profesa atakurudishia, isipokuwa pale ambapo vyuma vyote, ukiacha kile unachokitafuta, vinakutana kwenye nukta moja. Na usipitishe penseli katikati ya fundo. Pita katikati ya paneli, kwa amani.

Mshazari kwanza, maana ndio wenye kesi. Kipande cha kushoto kinasukumwa juu na ukuta kwa 25 na kushushwa na fundo moja la mabelo kwa 10. Zinabaki 15 zinazotaka kukipandisha. Chuma cha juu na cha chini vimelala, haviwezi kuvuta kwenda chini hata chembe. Kazi yote ni ya mshazari. Lakini mshazari nao umeinama: paneli ina upana wa 2 na kina cha 1.5, kwa hiyo urefu wake ni 2.5, na sehemu yake inayovuta wima ni 1.5 kwa 2.5, yaani 0.6. Gawa 15 kwa 0.6. Jibu ni kilonyutoni 25, za kuvutwa.

Hebu tuliseme tena kwa sauti, kwa ajili ya aliyeshika grinda. Chuma cha kushikilia tu kinavutwa kwa tani mbili na nusu. Ni mabelo zaidi ya 55 yanayoning'inia kwenye chuma ambacho fundi amekigonga kwa nyundo akasikia kina mlio mzuri.

Vyuma viwili vilivyobaki vinapatikana kwa ujanja ambao ndio uzuri wa mbinu ya Ritter. Unachagua nukta pale vyuma viwili kati ya vitatu vinapokutana, unapima mizunguko kuizunguka nukta hiyo, na vile viwili vinanyamaza, kwa kuwa nguvu inayopita kwenye nukta haiwezi kuizungusha. Anabaki mmoja tu, na huyo atajibu. Chuma cha chini: simama kwenye fundo la juu, mita 2 kutoka ukutani. Ukuta unazungusha kwa 25 mara 2, yaani 50. Mzigo wa fundo hilo unapita hapo hapo, hauzungushi kitu. Gawa 50 kwa kina cha 1.5, unapata kilonyutoni 33.3 za kuvutwa. Chuma cha juu: simama kwenye fundo la chini, mita 4 kutoka ukutani. 25 mara 4 ni 100, toa 10 mara 2, zinabaki 80. Gawa kwa 1.5, unapata 53.3 za kusukumwa. Ukitaka kujihakiki, jumlisha ya kwenda pembeni: 33.3 ya chini, na 20 ambayo ni sehemu ya ulalo ya mshazari, ni 53.3. Imefunga. Muuza duka yeyote akifunga hesabu hivi jioni analala vizuri.

Kuna njia nyingine, ya fundo kwa fundo, ambayo unaanzia ukutani na kutembea pole pole mpaka ufike unakokwenda. Nayo ni halali, na ukitaka vyuma vyote ndiyo ya kutumia. Ila ukikosea fundo la kwanza kosa linapanda nawe daladala mpaka mwisho wa safari. Kwa mtu mwenye ngazi ya kupitisha na fundi anayelipwa kwa siku, kukata ndiyo njia: unaingia paneli unayoitaka moja kwa moja na kutoka.

Utakayoambiwa na fundi, na namna ya kujibu

Fundi si adui. Wengi wa pale Gerezani, jirani na Kariakoo, wanachomelea kwa ustadi ambao mhandisi hawezi kuuiga hata akipewa wiki. Lakini mkono mzuri wa kuchomelea haumwambii mtu kilichomo ndani ya chuma, na fundi ambaye ameshapewa advansi ana majibu tayari. Haya ndiyo utakayoyasikia.

"Vyuma vyenyewe vingi, bosi, kimoja kikitoka havitajua." Hesabu naye. Kenchi hii ina mafundo 14. Kanuni ya kenchi ya bapa ni kuzidisha mafundo kwa 2 na kutoa 3, unapata idadi ya vyuma inayohitajika ili isimame: 25. Sasa vihesabu vilivyopo: 6 juu, 6 chini, 7 vya wima, mishazari 6. Ni 25. Kariakoo kila kitu kina spea, kuanzia blenda hadi gari lililoacha kutengenezwa zamani, lakini kenchi hii haina. Ukitoa kimoja, paneli ile inageuka kutoka pembetatu kuwa mstatili, na mstatili wa vyuma ukiusukuma kwa kidole unalala.

"Mbona nilikata kwenye duka lingine na halijaanguka?" Hili ndilo jibu la hatari kuliko yote, kwa sababu mara nyingi ni kweli. Vyuma vilivyochomelewa ni vikaidi. Mshazari ukitoka, chuma cha juu na cha chini vinaanza kujikunja ili kufanya kazi ambayo havikuletwa kuifanya, na kenchi inabonyea badala ya kuporomoka. Sakafu inalala kidogo. Mlango wa stoo unaanza kukwama na wanalaumu kitasa. Hayo yanaweza kuendelea mpaka msimu wa sikukuu, mabelo yanapoongezwa. Na mzigo ukiwa mara mbili, kila namba tuliyoiandika inakuwa mara mbili. Kenchi nzima ina 25 zake na 53.3 zake, ile iliyokatwa haina hata pa kuanzia hesabu.

"Basi tuchukue wa kule kati, ule mwembamba." Hapa fundi anakaribia kuwa na hoja. Kata paneli ya tatu: ukuta 25, toa mafundo mawili ya 10, zinabaki 5, gawa kwa 0.6, mshazari unavutwa kwa 8.3 tu. Ni theluthi ya ule wa jirani. Ndiyo maana wachomeleaji wengi huweka nondo ya milimita 12 mahali hapo na kuokoa fedha.

Lakini mabelo yana miguu. Mnunuzi wa jumla kutoka Lubumbashi amekuja asubuhi akachukua mzigo wote wa nusu ya kulia, pamoja na wa katikati. Yamebaki mafundo mawili ya kushoto, kila moja na 10 zake. Ukuta wa kushoto sasa unabeba 15. Kata tena paneli ile ile: 15 toa 20, ni hasi 5. Mshazari una nguvu ile ile ya 8.3, ila sasa haivuti. Inausukuma. Mzigo umepungua kwa zaidi ya nusu na chuma kimeingia kwenye kazi mbaya zaidi kuliko kilivyokuwa stoo ikiwa imejaa.

Na nondo kusukumwa haiwezi. Leonhard Euler, Mswisi, alikwisha kuonyesha mwaka 1744 kwamba fito ndefu nyembamba hupinda kabla haijavunjika, na kwamba kinachoamua ni urefu na unene kuliko uimara wa chuma chenyewe. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 2.5, ikiwa ncha zake ziko huru kuzunguka, huanza kupinda ikisukumwa kwa kama kilo 33. Hilo halifiki hata belo moja. Mpe fundi sifa zote za kuchomelea, sema ncha zote mbili zimeshikwa barabara, utafika kilo 130 hivi. Zinazotakiwa ni 850. Kwa hiyo ukiona nondo ya mshazari imepinda upinde mzuri katikati ya kenchi, usidhani ni kijana aliyekanyaga. Imesukumwa.

"Hiki cha pembeni basi, hakina kitu kabisa, nimekipima." Hapa, kwa mshangao wa wote, fundi yuko sahihi. Chuma cha chini cha paneli ya kwanza, kilichogusa ukuta: kata hapo, simama kwenye fundo la juu kabisa la ukutani, na utaona ukuta haukizungushii chochote. Nguvu yake ni sifuri. Mwenye kununua chuma chakavu ameshasimama mlangoni na mzani wake. Mwambie aende. Sifuri ile ni ya mzigo unaoshuka wima tu. Mkokoteni ukigonga ukuta, au mtu akivuta belo kwa kamba kutoka upande, chuma kile ndicho kinachozuia mguu wa kenchi usiteleze.

"Tutakata kwanza, halafu tutaweka mkono mwingine." Usibishane naye. Mwombe tu asimame chini ya kenchi kati ya hatua ya kwanza na ya pili.

Ambayo penseli haiyaoni

Hesabu yetu inajua mizigo iliyokaa kwenye mafundo peke yake. Ukining'iniza winchi ya kunyanyulia belo katikati ya chuma cha chini, kati ya fundo na fundo, chuma hicho kinapinda kama kamba ya nguo, na mbinu ya kukata haitakuonya. Haitakuonya pia kama ukuta unaobeba 25 ni wa tofali za kugawia vyumba. Haijui kutu, ambayo kwa hewa ya Dar, yenye chumvi na unyevu, hufanya kazi usiku na mchana bila kudai posho. Haijui moto: Soko Kuu liliungua tarehe 10 Julai 2021, na chuma kikifika nyuzi 550 hivi kinabakiwa na nguvu nusu au zaidi kidogo. Stoo ya nguo, juu ya kenchi za chuma, na nyaya zilizounganishwa kienyeji. Fikiria mwenyewe.

Hapa mzaha ukae pembeni kidogo. Ijumaa Kuu ya tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa lililokuwa linajengwa Mtaa wa Indira Gandhi, katikati ya jiji, liliporomoka na kuua watu 36. Jumamosi asubuhi, tarehe 16 Novemba 2024, jengo la ghorofa nne likaporomoka hapa hapa Kariakoo, biashara zikiwa zimeshafunguliwa. Waliokufa walizidi 20, na Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akaunda kamati ya kukagua majengo ya eneo zima. Hayo hayakuwa majengo ya kenchi na hayafumbuliwi kwa mstari mmoja wa penseli. Lakini waliokuwa ndani walikuwa wateja, wauzaji, wapagazi, watu ambao hakuna aliyewauliza chochote kuhusu nguzo wala chuma. Sakafu ikishuka haimtafuti aliyetoa amri.

Sasa ngazi

Umekaa na risiti yako, umeona 25, umeona 33.3 na 53.3, fundi ameketi juu ya belo anakunywa soda. Usijione mhandisi. Hesabu hii ni ya kukufanya uogope mahali panapostahili, si ya kukupa ruhusa. Mwite mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, muulize namba yake ya usajili bila haya, kama unavyoulizia waranti ya friji, na kibali cha kubadilisha jengo kaombe Halmashauri ya Jiji. Gharama yake utaiona kubwa mpaka utakapoigawa kwa idadi ya mabelo yaliyo juu ya kichwa cha mhudumu wako.

Atakachofanya mhandisi huyo akiingia, kabla hata ya kutoa kalamu, ni kutembea kutoka kenchi ya kwanza hadi ya pili na tepu mkononi. Bosi alitaka ngazi ipande kutoka mbele ya duka kwenda nyuma, ndiyo maana ilikuwa inatoboa kenchi. Mhandisi ataigeuza iende sambamba na kenchi, ipande katikati ya mbili, na mbao za sakafu zitakazokatwa pale juu zifungwe fremu kuzunguka tundu. Kati ya kenchi na kenchi kuna mita 2.5. Ngazi ya stoo inataka mita 1. Hakuna chuma hata kimoja cha kukata.